Kisigino cha Malkia Zurane

Madume ya sayari ile yana macho sita,
taya la mtego wa panya, ute unaodondoka
mpaka ukicheza unajikuta unafuta goti.
Halafu anatoka jike lao, Malkia Zurane:
kiuno cha nyigu, midomo ya kupuliza chai,
kifua kama mabakuli mawili yaliyofunikiwa wageni,
na mfupa wa kisigino umeota wenyewe, mrefu, mwembamba,
kwenye sayari ambayo, tumeambiwa, ni matope matupu.

Nikauliza tu: huyu anatembeaje?

Basi. Kibanda cha Mhina, Barabara ya Kumi na Tano,
kikawaka kuliko siku Coastal wanapofungwa nyumbani.
Mhina akasema, ni malkia, anabebwa.
Kaniki wa darasa la sita,
anayelipia nusu saa akakaa saa tatu,
akasema anataga, mayai yake yapo hatua ya nane,
sasa kifua cha nini, ananyonyesha mayai?
Sauti ya nyuma ikasema mimi nina wivu.
Wivu! Na kiumbe cha kijani.

Hiza hakutia neno. Asubuhi tukakuta
ameandika kwa chaki mlangoni, herufi zimelala upande:

*Nikitoka kiwandani, saruji imenipaka,*
*nataka cha kutamani, jicho lipate kucheka;*
*samaki wa baharini, magamba nimeyachoka,*
*mwacheni wetu mwandani, nani amemshitaka?*

Sikumcheka. Namjua akirudi zamu ya usiku,
nyusi nyeupe, mzee wa miaka ishirini na sita.
Na mimi ni nani wa kusema? Mikono hii
ndiyo iliyopaka kuta za saluni kutoka Makorora hadi Chuda:
shingo ndefu, nywele za maji, pua za kuazima,
kila kiuno elfu kumi na tano, rangi juu yako.
Hakuna mteja aliyeniuliza wanatembeaje.

Lakini usiku nilifungua boksi la friji, nikalilaza chini,
na aliyenijia mkononi hakuwa Zurane.
Alikuwa yule silikanti wa utotoni,
kwenye sakafu ya soko la samaki, maji yakimchuruzika:
bluu ya wino uliomwagika, madoa ya chokaa,
mapezi yenye mifupa, kama anataka kuinuka aende zake.
Mzito kuliko mama yangu.
Bwana wa idara alisema ni jike, madume yao huwa madogo.
Walipompasua, ndani mlikuwa na watoto,
kila mmoja na uso wake, wamelaliana kama vijiko kwenye droo.
Hakuna aliyesema ni mzuri.
Hakuna aliyesema ni mbaya.
Wauza barafu, watu wasionyamaza hata msibani,
walinyamaza.

Zurane wangu, kwa hiyo, ana kiwiliwili cha pipa.
Miguu minne, mipana, ya kumbembeleza tope.
Macho sita kama kaka zake, mawili yamefumba, amechoka.
Tumboni nimeacha ngozi iangaze kidogo,
uone wanaopumua humo.
Nikamtundika juu ya kioo cha Mhina kwa misumari ya viatu.

Kaniki alimtazama mpaka nusu saa yake ikaisha bure.
"Huyu," akasema, "nisingempiga risasi."
Mhina akasema atafukuza wateja.
Hiza alikuja saa nne, na vumbi lake,
akasimama, akainamisha kichwa upande huu, upande ule,
akatoka bila kucheza.

Jumamosi nikamkuta malkia amepakwa midomo.
Peni nyekundu, kwa uangalifu, mtu kafuata mstari wangu
bila kuutoka hata mara moja.
Na kwenye ute wa shavu, kijivu chembamba,
alama ya kidole gumba.

Nilikuwa na kifutio mfukoni.
Nikarudi nyuma hatua mbili, nikafinya jicho.
Kusema kweli, ile nyekundu imemkaa.