Dakika Sita Sita

Wakili wangu hupima muda kwa vipande vya dakika sita.
Niliambiwa siku ya kwanza. Sikusikia.
Nilikaa ofisini kwake, Saskatoon, Februari,
theluji ikiyeyuka kwenye buti zangu, zulia likilowa,
nikalia.
Nikasimulia kuanzia harusi, ukumbi wa kanisa,
mama yake Bohdan akihesabu sahani,
mpaka usiku alipohamia chumba cha chini ya nyumba
yeye na redio yake.

Bi Arcand hakunikatiza.
Mwisho wa mwezi ikaja ankara:
*Kumsikiliza mteja. Vipande tisa.*
Niliisoma jikoni, nimesimama.
Kumbe hata machozi yana bei.

Nikampigia kwa hasira (kipande kimoja).
Sauti yake kavu kama mkate wa juzi:
"Halyna, una dada?
Mlilie yeye. Yeye hatozi.
Mimi niletee risiti."

Basi nikashusha boksi la viatu.
Hati ya shamba, ekari mia tatu na ishirini.
Taarifa za benki, miaka mitatu.
Mkopo wa trekta: sahihi yake katikati,
yangu imebanwa pembeni kama mgeni asiye na kiti.
Nikaandika tarehe, si matusi.
*Machi tisa, hakuja kumchukua mtoto.*
Nukta.
Hamjui kalamu ilivyotaka kuendelea.

Nikaacha kumwandikia usiku wa manane.
Maswali niliyabandika mlangoni pa friji
hadi Ijumaa. Mengi yalijijibu yenyewe.
Yaliyosalia niliyapa namba, nikayatuma kwa barua moja.

Lakini kulikuwa na pesa.
Elfu kumi na moja za asali,
chama cha akiba cha mji wa jirani, jina langu peke yangu.
Bohdan hakujua. Wakili naye sikumwambia.
Wiki tatu nilitembea nazo kama kokoto ndani ya soksi.
Mficha maradhi, kifo humuumbua;
mficha akaunti, nani?

Nilipomwambia alivua miwani tu.
"Nikijua leo, ni kazi yangu.
Nikijulia mbele ya jaji, ni aibu yetu,
na hatakuamini tena hata ukisema theluji ni nyeupe."
Tukaiandika. Nusu ikaenda.
Iliniuma. Nililala.

Kisha mashine ya kuondolea theluji.
Niliitaka, si kwa theluji.
Niliitaka kwa kuwa aliipenda.
Bi Arcand akachukua penseli: mashine, dola mia tisa.
Kuigombania, elfu mbili na mia nne.
Akanigeuzia karatasi, akanyamaza.
Nikamwachia Bohdan. Nikanunua beleshi.

Juni tukatia sahihi.
Mizinga kumi na minne ikabaki kwangu.
Mlangoni, mkoba begani, akauliza
nyuki huvukaje baridi ya huku.
Nikamweleza: hujikusanya fungu moja, hutetemeka makusudi
ili wapate joto; wa nje huingia ndani,
wa ndani hutoka nje, kwa zamu,
na malkia katikati, na asali ikipungua polepole.
Alisikiliza yote.

Ankara ya mwisho:
*Mazungumzo kuhusu nyuki. Vipande vitatu. Sifuri.*

Nikampelekea kopo la asali.
Akanitumia risiti.