Theluthi ya Mzunguko

*Teruel, Uhispania*

Zilikuja moja moja, kisha tatu kwa siku,
na mwisho wa Machi zikaja kama nzige,
ila nzige hushuka kula;
hizi zilishuka kunyamaza.

Marubani walizima injini, wakabaki vitini kidogo
kama mtu aliyefika msibani asijue pa kuvulia viatu.
Mmoja, Mholanzi, Liesbeth Hoekstra,
alikipapasa chuma chini ya dirisha lake,
akaniuliza, "Hapa zinalishwa nini?"
Nikamwambia: hewa kavu.
Akacheka ndani ya barakoa, nikaona mabega tu.

Mimi Eloy Gargallo, fundi, miaka hamsini na minne.
Kazi yangu ilikuwa kuziba.
Injini nilizivika mifuko, madirisha nikayabandika karatasi ya fedha,
kila tundu linalopumua nikalitia kizibo
chenye utepe mrefu mwekundu,
ili siku ya kuondoka mtu asikisahau.
Shomoro walitafuta mlango. Walikuwa na haki;
mwaka ule nani hakutafuta mlango?

Na kila baada ya siku saba, magurudumu.
Ndege ikisimama mno pahali pamoja
mpira hubonyea upande ulioelemewa,
hukariri umbo la kusimama.
Basi tunaivuta kwa trekta,
theluthi ya mzunguko, si zaidi,
tunaiacha iegemee upande mwingine.
Ndege mia na nane. Nilizisafirisha zote,
na hakuna iliyofika popote.

Aprili, dada yangu Visitación aliugua, Buenos Aires.
Siku kumi na moja. Alizikwa na watu watatu
na simu moja mkononi mwa mpwa wangu,
picha ikiganda kila udongo ulipoanguka.
Penye miti hapana wajenzi:
nilisimama kati ya mbawa mia mbili na kumi na sita
bila hata moja ya kunivusha bahari.

Alhamisi ilikuwa siku ya umeme.
Unaiwasha ndege saa mbili ili betri isife.
Ile yenye mkia wa buluu, ya nne kutoka uzioni,
skrini mia tatu ziliamka pamoja
zikawakaribisha watu wasiokuwepo,
zikawaomba wafunge mikanda.
Nilikaa 31A. Nikafunga.
Kwenye ramani kidege cheupe kilikuwa kingali juu ya Atlantiki,
pale kilipokwama.
Kilomita zilizobaki: vistari viwili.
Muda uliobaki: vistari viwili.
Katika mfuko wa kiti palikuwa na fumbo la namba, nusu limejazwa,
kwa penseli, saba pale ilipotakiwa tisa.
Nilisahihisha.

Zile za injini nne hazikuruka tena.
Zilikatwa Oktoba. Kijana mwenye msumeno
alikuwa akipiga mluzi. Sikumlaumu, kila mtu na mkate wake.
Nilimwomba tu asianze na pua.

Liesbeth aliniandikia mara moja.
Anaendesha gari la vifurushi, Haarlem.
"Nafika milangoni," alisema, "hawafungui mpaka niondoke."

Ile ya mkia wa buluu iliitwa Juni, mwaka wa pili.
Vizibo nilivitoa mwenyewe,
nikavihesabu mara mbili: kumi na tisa, kumi na tisa.
Rubani mpya hakuuliza kitu.
Ilikimbia, ikainuka, ikapinda kusini-magharibi;
kondoo wa Benilde kule bondeni,
waliokwisha kuusahau mngurumo, wakatawanyika.

Nilibaki na tepe mikononi.
Pale iliposimama, saruji ilikuwa na mabaka meusi,
baka kwa kila wiki, yamefuatana.
Jioni ile niliyapima kwa hatua, bila sababu.
Kumbe kwa miezi kumi na mitano
tulikuwa tumeisukuma mita themanini na tatu,
na zote kuelekea kwake.