Nani

Simu ilipolia Jumapili, chai bado ina moshi,
Boju alijaza kioo kizima kwa shavu moja
(hajajua bado kuishika mbali)
akaita kutoka Kalimpong, huko milimani, kwenye ukungu:
"Nani! Nani!"
Na mdogo wangu Suyog, bajia tele mdomoni,
akajibu kwa adabu yote ya Chumbageni:
"Ni mimi, Bibi. Suyog."

Baba alicheka hadi akaketi sakafuni.
Kisha hakucheka.
Nani, kwa lugha ya kwao, ni mtoto. Ni kipenzi.
Bibi hakuwa akiuliza, alikuwa akibembeleza,
na mjukuu wake amejitambulisha
kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake.

Usiku ule Baba alitwaa chaki ya kazini,
ile ya kutilia alama mabati kule kiwandani Pongwe,
akapiga mstari mrefu ukutani mwa jiko
na herufi zikaning'inia chini yake.
"Mbona zimeanikwa?" Suyog akauliza.
Mama, juu ya mbuzi ya nazi, bila kuinua uso:
"Zililowa. Zimevuka bahari."

Tukaanza na vya mezani.
Pani, maji. Nun, chumvi. Chini, sukari.
Hapo ndipo tulipoharibikiwa.
"Weka kikombe chini," Mama akasema,
nami nikakitia vijiko vitatu, kwa makusudi.
Kaka ni baba mdogo. Mama ni mjomba.
"Basi nipeni heshima ya mjomba," akasema Mama,
na siku nzima hakuosha chombo.

Yeye ni Mdigo wa Mabokweni.
Madzi, alisema mara moja, akikamua tui,
hakuwa akimwambia mtu.
Nilisikia. Sikuuliza.
Miaka kumi na sita nanywa maji mkononi mwake
na sijawahi kuyaomba kwa neno hilo.

Khukuri ya babu inalala juu ya kabati la vyombo,
imepinda kama mtu anayeinama kukunong'oneza.
Babu alikuwa Mgorkha wa jeshini, mwenye medali tatu
ambazo hakuna ajuaye ni za vita gani.
Haitoki alani bila kumwaga kitu, Baba anasema,
kwa hiyo hutoka Ijumaa, ikapasua madafu,
na maji yakamtiririka hadi kiwikoni.

Sisemi uongo, nilichoka.
Mwanakombo yuko nje ananisubiri twende Raskazone,
mimi nimekwama kwenye herufi moja yenye kitumbo.
Nikamwambia Baba: itanifaa wapi hii?
Sokoni Ngamiani? Kwenye mtihani wa taifa?
Hakujibu. Alifuta ukuta kwa kiganja
akalala na mkono mweupe.

Mwezi wa kumi alipanda mahindi kwenye kopo la maziwa,
akayafungia kabatini, gizani, siku tisa.
Yalitoka ya manjano, marefu, membamba,
kama vidole vinavyopapasa kutafuta swichi.
Akatuchomeka nyuma ya masikio,
akatubandika mchele mwekundu wa mtindi kwenye paji.
Bibi kwenye simu alikuwa analia,
au ni mtandao uliokuwa unakatika.
Baraka yake hatukuielewa, ila neno moja.

Jana nilikwenda na Suyog dukani, Barabara ya Kumi na Mbili,
punje mbili zimemkaukia usoni.
Bwana Shekue aliacha kupima unga,
akalitazama lile paji, kisha macho, kisha paji.
"We mtoto, kwani wewe nani?"
Nilifungua kinywa nimsaidie.
Suyog alikuwa anahesabu chenji, hakuinua kichwa.
"Ee," akasema. "Nani."