Kushusha Kioo

Sokoni Eliava, upande wa spana na betri zilizochoka,
Nugzar ana meza moja, taa ya shingo ndefu,
na mswaki ambao haujawahi kuona jino.

Kwanza ukucha. Anaupitisha kiooni polepole,
macho ameyafumba. Ukiteleza, ni alama za mfukoni tu:
funguo, sarafu, mchanga wa Batumi.
Ukinasa, anasema "mm,"
na bei inapanda lari tano.

Wateja huja na tiba zao za kusikia:
dawa ya meno, magadi, majivu, hata haradali.
Juzi kijana kasugua simu mpya usiku kucha kwa dawa ya mnanaa.
Kioo kimepofuka, na kinanukia vizuri.
"Hiki si gego," Nugzar kamwambia.
"Plastiki husamehe. Kioo hubadilishwa."

Mimi namshikia maji, namkatia msasa.
Mwezi wa nne huu najifunza neno lake moja:
mkwaruzo hauondoki.
Unachoondoa ni kile kisichokwaruzwa,
unakishusha, unakishusha, unywele kwa unywele,
mpaka uzima wote uwe chini, sawa na jeraha.
Hapo jicho hudanganyika na mteja hulipa.

Jumanne, mvua, akaingia Lamara.
Ndani ya soksi ya sufu: kimchezo cha mkononi,
cha betri mbili, vitufe vimelegea,
kioo chake kama uwanja uliochakurwa na kuku.
"Cha kaka yangu. Yuko Thesaloniki, anatimiza arobaini na tano.
Nataka king'ae."

Ukucha ukanasa. Ukanasa tena.
Nugzar akailaza taa, mwanga ukaja kwa ubavu,
tukaona sote watatu:
mistari miwili wima, miwili ya kulala,
misalaba, viduara,
mchezo juu ya mchezo, thelathini, arobaini, imepandana.

"Kumbe bado ipo," akasema Lamara.
"Baridi ile isiyo na umeme
betri zote zilikuwa za redio ya baba, za habari tu.
Kimchezo kikafa. Tukakichezea hivyo hivyo, kimekufa,
kwa pini ya nywele ya mama, chini ya blanketi.
Yeye misalaba. Mwizi, yule."
Akaweka kidole pembeni, chini, kulia.
"Huu hatukuumaliza. Zamu ilikuwa yake."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Umeme ulirudi."

Msasa ulikwisha kulowa. Nugzar akaukamua,
akakata kipande cha utepe, kidogo kama ukucha wa mtoto,
akakibandika pale pembeni.
Kisha akasugua, duara kwa duara, mpaka saa kumi,
maji yakawa maziwa, maziwa yakawa maji.

Kioo kizima kikashuka. Pembe ile ikabaki juu,
kilima ambacho jicho halikioni
lakini kidole kikipita kinajikwaa.

Lamara akalipa bei ya kioo kizima.
Nugzar akamrudishia lari mbili:
za pembe.