Kisanduku Kimoja

Fomu ya Delfina Borba ina kisanduku kimoja:
SABABU KUU. Tia alama moja tu.

Ukungu wa bonde la Tulare umelala juu ya lami
mweupe, mzito, kama maziwa yaliyomwagika;
na kweli maziwa yamemwagika,
lita elfu ishirini, za lori la Sukhpal Dhaliwal,
aliyeketi ukingoni na blanketi, kiatu mguu mmoja,
akirudia: "Nilikanyaga breki. Nilikanyaga."

Mwendo kasi? Ndiyo. Maili sitini na nane kwa saa
mahali ambapo jicho halifiki hatua thelathini.
Kufuatana karibu mno? Hilo nalo ndiyo.
Magari kumi na moja, uzi mmoja wa shanga,
kila dereva kaziamini taa nyekundu za mbele
kama kipofu aaminivyo bega la kipofu.

Na ngazi. Nani ataandika habari za ngazi?
Ya alumini, iliyofungwa alfajiri
na mpaka rangi aliyechelewa kazini:
mafundo mawili, badala ya manne.
Mwenyewe sasa yuko Fresno, anapiga mluzi,
anakoroga rangi ya krimu.
Hajaitafuta bado.

Yuridia Ochoa, gari la kwanza,
alitoka kuchambua lozi, zamu ya usiku
juu ya zamu ya usiku, kwa kuwa mwenzake anauguza.
Hakulala. Kope tu ziliazima dakika,
zikarudisha, zikaazima tena.
Kisha simu ikamulika kitini: *Upitie mkate.*
Maneno mawili. Sekunde nne.
Sekunde nne ni kiwanja kizima cha mpira
ukikivuka macho yako yakiwa kwingine.

Wahenga walisema ajali haina kinga.
Labda walimaanisha radi.
Hapa kinga zilikuwepo, tena za bei rahisi:
fundo la tatu, fundo la nne,
mkate wa kesho,
usingizi wa mtu mmoja.

Delfina anatia alama kwenye *mwendo*.
Anageuza karatasi, anaandika nyuma: *kamba. mkate. zamu.*
Anajua mashine ya ofisini
haisomi upande wa nyuma.

Anarudi nyumbani polepole, maili thelathini,
mikono miwili kwenye usukani.
Nyuma yake, katika weupe,
mtu anamwashia taa:
sogea, sogea.