Bomba la Tatu, Njia ya Kakuyuni

Injinia Nyevu ameingia kichwa mbele,
tochi kipajini, kofia ikikwaruza dari.
Mimi nimebaki mdomoni mwa kalvati
na ubao, na kalamu, na fomu iliyolowa jasho.

Anagonga kwa nyundo: ting'. Tena: ting'.
"La kwanza, andika zima."
La pili lina ufa wa unywele, kucha haiingii.
"Andika lafaa."
La tatu likajibu: bwu,
mlio wa dafu lililokwisha kunywewa.

Kutu imechora mbavu za nondo ukutani,
zege limevimba, limemenyeka magamba,
na chini ya kiungo chokaa imelia
ikaganda nyeupe.
"Ajabu," sauti yake yatoka imefumbwa,
"saba yalifyatuliwa wiki moja,
kalibu moja, saruji moja, kokoto zile zile.
Kwa nini hili?"

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Kata ni mimi.

Nilikuwa kibarua wa miaka kumi na tisa.
Fundi Mwamure akanituma: "Maji ya mfereji, Tsofa,
ya kioski cha Barani. Usinichezee."
Madebe ishirini, shilingi mbili kila debe.
Foleni ndefu, jua la Februari,
na kisima cha Shella kiko hapo nyuma, bure.
Nikaonja. Chumvi ya mbali tu.
Nikajiambia: saruji haina ulimi.
Arubaini nikatia mfukoni,
jioni nikanunua betri za redio.

Kumbe unao.
Miaka ishirini na sita limekaa gizani
likionja, likionja,
mpaka likafika kwenye chuma.

Lori la mawe likapita juu yetu.
Bomba likaguna, na kipande cha zege
kikamwangukia Nyevu mgongoni.
"Sijaumia," anasema. "Andika chanzo."

Naandika: umri.
Nalikata neno.
Yale sita yana umri huo huo
na yanajibu ting'.

Nainama mpaka kidevu kinagusa mchanga.
"Injinia," naita,
na jina lapita la kwanza, lapita la pili,
likifika la tatu lapoteza mlio.
"Ni maji."

Tochi yageuka, yanipiga usoni.
"Maji gani, mzee Tsofa?
Humu ndani pakavu."