Jana Ulikula Nini?

Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja kikubwa:
Eleza kwa nini unataka kusomea lishe,
maneno yasizidi mia tano.
Nilikuwa zamu ya usiku, wodi ya watoto, Temeke,
simu imebakiza chaji asilimia tisa,
na mtoto wa kitanda cha sita
anang'ata kona ya shuka.
Nikaandika: Nina shauku ya kuchangia maendeleo ya taifa.
Nikafuta.
Nikaandika tena, maana ndivyo wapendavyo.

Shemeji Kajembe alicheka mpaka akapaliwa na ugali:
"Shahada ya kwanza uuguzi, ya pili kula?
Sisi wengine tumefuzu hiyo tangu tumboni!"
Dada akamsogezea maji.
Mimi nikasogeza bakuli la tembele,
nikanyamaza, nikihesabu kichwani:
madini chuma yapo, limau halipo.

Kontroli namba ilikuja Jumanne,
ikataka hela iliyokuwa kodi ya chumba.
Cheti cha kuzaliwa kilikuwa Tukuyu,
kwenye sanduku la bati, chini ya kitenge cha msiba wa baba.
Kikapanda basi, kikafika kimekunjwa mara nne,
jina langu limekatika kwenye mkunjo:
Tunsu, halafu me.
Mdhamini wa kwanza alisaini siku hiyohiyo.
Wa pili alikuwa "semina Dodoma" wiki tatu;
nilimkuta kantini, anakula chipsi mayai.
Akasaini kwa mkono wenye mafuta,
na doa lile likaenda chuoni pamoja nami.

Nikapokelewa.

Upanga, ghorofa ya pili, feni inalalamika.
Jedwali la vyakula: gramu mia za dagaa wakavu,
gramu mia za mlenda, gramu mia za kila kitu,
kana kwamba kuna mtu Tandika anunuaye kwa gramu.
Kwetu ni fungu, ni kisado, ni ya jero,
ni "niongeze kidogo, mwanangu."
Nikamuuliza Dokta Lyatuu:
ile nyongeza ya muuzaji ina kalori ngapi?
Akadhani natania.
Kisha akaliandika swali ubaoni,
likakaa pale mpaka Ijumaa.

Wiki ya nne, zoezi la wawili wawili:
muulize mwenzio yote aliyokula tangu jana saa kama hizi.
Usitikise kichwa. Usitabasamu. Usihukumu.
Nikapangwa na Respicius, mtu wa Muleba,
shati limenyooka kama barua ya serikali.
— Jana ulikula nini?
— Asubuhi maziwa, mayai mawili. Mchana wali, samaki, mchicha.
Usiku ndizi kwa nyama.
— Kuna kitu umesahau?
— Parachichi.
Nikaandika. Akanigeuzia kalamu.

Jana nilikuwa nimekula andazi la saa nne,
muhogo wa kuchoma, na maji, maji mengi.
Ada hula kwanza; mimi hula ikibakiza.
Nikasema: maziwa, mayai mawili, wali, samaki.
Alipouliza nilichosahau
nikasema papai, tena kwa sauti.

Jioni Dokta akajumlisha darasa zima kwenye eksel.
Protini: inatosha. Vitamini A: inatosha.
Watu kumi na tisa wenye afya kama bango la wizara.
Akazitazama namba, akatutazama sisi.
Safu ya nyuma, tumbo la mtu likanguruma.
Hakuna aliyegeuka;
kila mmoja alidhani ni lake.

Getini Respicius akanunua yai moja la kuchemsha,
akaomba kachumbari nyingi,
akaligawa kwa rula.
"Gramu ishirini na tano," akanipa.
"Ishirini na saba," nikamwambia, "na kachumbari."

Sasa niko Buguruni, dodoso mapajani.
Mama anasema: jana, wali kwa kuku.
Jiko lake la mkaa lina majivu ya juzi,
paka amelalia humo.
Sijatikisa kichwa. Sijatabasamu.
Nimefunika kalamu.
"Na mimi," namwambia, "niliwahi kujibu hivyohivyo."
Ananitazama viatu, ananitazama usoni,
anavuta kigoda karibu.